Umebaguliwa kazini? Mwajiri ndiye wa kujibu

Msichana amefuzu mahojiano ya kazi hotelini, kisha anaambiwa avue mtandio ndipo aajiriwe. Kijana anaulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa vyeti. Wengi wetu hapa Pwani hunyamaza, tukidhani kwamba bila shahidi hakuna kesi. Sheria haisemi hivyo.

Msingi ni Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010. Kinakataza ubaguzi kwa sababu ya rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, utamaduni, mavazi, lugha au kuzaliwa, miongoni mwa mengine. Katazo hilo linaibana serikali na watu binafsi vilevile. Mwenye duka au hoteli hawezi kusema halimhusu. Tena ubaguzi si lazima uwe wa wazi. Sharti linalowekewa wote laweza kuwaumiza watu wa kundi moja tu.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, humlinda mtu tangu anapoomba kazi, katika mafunzo, mshahara na kupandishwa cheo, hadi anapoachishwa. Mlalamishi akishaonyesha mahakamani dalili za kuaminika kwamba alibaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kwa ofisi za umma, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema kabila moja lisizidi thuluthi moja ya wafanyakazi.

Hata hivyo, si kila tofauti ni ubaguzi. Anayetafuta nahodha ana haki ya kudai cheti cha ubaharia. Pia sheria inaruhusu hatua za kuwainua walioachwa nyuma.

Ufanye nini basi? Hifadhi barua, tangazo la kazi na ujumbe wa simu. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Mwandikie mwajiri umuulize sababu, na ubaki na nakala. Unaweza kulalamika bure kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ambayo ina ofisi Mombasa, au kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Mombasa na Malindi.

Ila usikawie. Kwa kawaida madai ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikipita, hata mwenye haki hurudishwa mlangoni.