Bunduki kuukuu za kijeshi zilivyobadilishwa risasi

MAJESHI mengi duniani katika karne ya 20 yalikabiliwa na tatizo lililofanana. Maghala yao yalijaa bunduki ambazo bado zilikuwa nzima, lakini risasi zake zilikuwa zimeachwa kutengenezwa au hazikulingana tena na zile za washirika wao.

Hapo ndipo mafundi wa silaha walipopewa kazi ya kuzibadilisha bunduki hizo ili zitumie risasi ya aina nyingine, badala ya serikali kugharimia mpya.

Bunduki zinazohusika ni zile za komeo, ambazo mpigaji hulazimika kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono kila anapotaka kupiga risasi nyingine. Maarufu zaidi ni Mauser ya Ujerumani na Lee-Enfield ya Uingereza, ambayo ilibebwa pia na askari wa King's African Rifles (KAR) katika Afrika Mashariki.

Silaha za aina hii zina sehemu chache zinazosogea, na chuma chake kikitunzwa hudumu miaka mingi. Risasi, kwa upande wake, ni suala la ugavi. Taifa likibadili aina ya risasi, bunduki isiyolingana nayo hugeuka mzigo hata kama haina kasoro yoyote.

Afrika Mashariki iliushuhudia ukweli huo mapema. Novemba 1914, baada ya kuwashinda Waingereza mjini Tanga, majeshi ya Ujerumani yaliteka bunduki 455 na risasi zinazokadiriwa kufikia 600,000. Wakati huo sehemu kubwa ya askari wao ilikuwa bado ikitumia bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo baruti yake nyeusi ilitoa moshi uliomfichulia adui mahali alipo mpigaji.

Novemba 25, 1917, askari hao chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walivuka Mto Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji. Walijitwalia bunduki na risasi za Wareno na kuachana na zao. Kwa jeshi lililokatiwa ugavi, ilikuwa rahisi zaidi kubadili bunduki kuliko kutafuta risasi.

Wareno wenyewe baadaye walifuata njia nyingine. Bunduki yao ya Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, iliyotumia risasi ya milimita 6.5, ilibadilishwa mwaka 1939 ili itumie risasi ya milimita 7.92 ya Kijerumani, ambayo Ureno ilikuwa imeanza kuitumia.

Kazi ya kubadilisha hugusa sehemu kadhaa kwa pamoja. Mtutu ni lazima ulingane na kipenyo cha kichwa cha risasi mpya, na chemba ilingane na umbo la ganda lake. Kifaa cha kwenye komeo kinachonasa ganda na kulitoa huhitaji kurekebishwa endapo kitako cha ganda kimebadilika. Magazini nayo hubadilishwa, na alama za kulengea shabaha hupimwa upya kwa sababu risasi mpya husafiri kwa kasi tofauti.

Kipimo kinachoogopwa kuliko vyote ni nafasi inayobaki kati ya komeo lililofungwa na kitako cha ganda. Nafasi hiyo ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wa mpigaji.

Jambo jingine ni shinikizo. Baruti inapowaka ndani ya chemba, nguvu yote hubebwa na chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya risasi ya zamani. Kwa viwango vya kiraia vya Ulaya, risasi ya .303 ya Lee-Enfield inaruhusiwa kufikia baa 3,650, wakati .308 Winchester, ambayo ni ndugu wa karibu wa 7.62 ya NATO, inafikia baa 4,150.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya Lee-Enfield. Nchi za NATO zilikubaliana kutumia risasi ya 7.62 kwa milimita 51 katika miaka ya 1950, na Uingereza ikawa na shehena kubwa ya bunduki za .303 zisizolingana na risasi hiyo. Ganda la .303 lina ukingo uliochomoza kwenye kitako na urefu wa milimita 56, ilhali la NATO halina ukingo wa namna hiyo na ni fupi.

Jaribio la kwanza la Uingereza, lililopewa jina la L8, halikufanikiwa. Bunduki zilizobadilishwa zilipiga, lakini shabaha yake haikuliridhisha jeshi, na mpango huo ukaachwa.

Mafanikio yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale kiwanda cha serikali cha Enfield kilipochukua bunduki za wadunguaji za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilizokuwa zimechaguliwa kwa ubora wake, na kuzifunga mitutu mipya iliyo mizito. Zikaitwa L42A1. Bunduki zipatazo 1,000 zilitengenezwa kwa njia hiyo, na wadunguaji wa Uingereza walikuwa nazo katika vita vya Falkland mwaka 1982.

India ilichagua njia tofauti. Baada ya vita vyake na China mwaka 1962, kiwanda cha Ishapore, karibu na Kolkata, kilianza kuunda bunduki ya 7.62 yenye umbo lile lile la Lee-Enfield. Hata hivyo, bunduki hizo zilizoitwa 2A na baadaye 2A1 hazikuwa kuukuu zilizobadilishwa. Ziliundwa upya kwa chuma bora zaidi ili kustahimili shinikizo la risasi mpya.

Mauser ilikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa komeo lake hujifunga upande wa mbele, karibu kabisa na chemba, tofauti na Lee-Enfield ambayo hujifunga nyuma. Norway, iliyobaki na Mauser nyingi baada ya Wajerumani kusalimu amri mwaka 1945, ilizifunga mitutu ya risasi ya Kimarekani ya .30-06. Kwa kuwa risasi hiyo ni ndefu kuliko ile ya Kijerumani, chuma cha mbele kililazimika kuchongwa ili risasi ipate kupita.

Israel nayo ilizibadilisha Mauser ilizokuwa imenunua Ulaya, ili zitumie risasi ile ile ya 7.62 iliyotumiwa na bunduki zake mpya za FAL. Namba 7.62 ilichapwa kwa herufi kubwa kwenye kitako cha mbao.

Alama hiyo ilikuwa na maana kubwa. Bunduki iliyobadilishwa haina tofauti kubwa kwa macho na ile ya asili, na askari anayechukua silaha gizani anaweza kujaza risasi isiyo yake. Kwa sababu hiyo Austria, ilipobadilisha bunduki zake za muundo wa 1895 kuanzia mwaka 1930, ilizigonga herufi S juu ya chemba. Hungary ilitumia herufi H.

Nchini Uingereza, bunduki iliyobadilishwa kwa namna hiyo haiwezi kuuzwa kihalali kabla ya kujaribiwa upya kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi katika kituo maalumu cha London au cha Birmingham. Silaha isiyo na muhuri wa jaribio hilo ni ya kutiliwa shaka, hata kama inaonekana mpya na kung'aa.

Pamoja na hayo yote, kubadilisha risasi kulitatua tatizo la ugavi peke yake. Mpigaji aliendelea kuvuta komeo kwa kila risasi, wakati majeshi mengine yalikwishahamia kwenye silaha zinazojipakia zenyewe.

Gharama ya kuzing'ang'ania bunduki za komeo ilionekana wazi Novemba 2008 katika kituo cha reli cha Chhatrapati Shivaji mjini Mumbai. Baadhi ya polisi waliowakabili washambuliaji wenye bunduki za aina ya AK-47 walikuwa na .303 za zamani mikononi.

Polisi wa jimbo la Uttar Pradesh nchini India waliziaga rasmi bunduki zao za .303 katika gwaride la Januari 26, 2020. Ilikuwa ni zaidi ya miaka 50 tangu nchi hiyo ianze kuunda bunduki ya kuzirithi.