Kobalti iliyofichwa ndani ya chuma

Mgonjwa wa saratani anayesafiri kutoka Mpwapwa hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kutibiwa kwa mionzi ya kobalti-60. Wengi wanaijua kobalti hiyo kwa kazi ya tiba tu, ilhali ilisaidia pia kufungua njia mojawapo ya kupima nguvu za sumaku za viini vya atomu vyenye mionzi.

Kila kiini cha kobalti-60 ni sumaku ndogo mno. Kwenye joto la kawaida viini huelekea ovyo, na mionzi ya gama hutoka sawasawa pande zote. Mwaka 1951 Daniels, Grace na Robinson wa Oxford walipoza fuwele yenye kobalti hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Viini vikajipanga, mionzi ikapungua kwenye mhimili wao na kuzidi pembeni mwake. Kwa kobalti hiyohiyo Chien-Shiung Wu alithibitisha mwaka 1957 kwamba maumbile hutofautisha kushoto na kulia.

Kisha ikaja zamu ya chuma, na kwangu hapa ndipo penye uhondo wote. Mwaka 1959 Samoilov na wenzake, huko Moscow, walichanganya chembe za dhahabu yenye mionzi ndani ya chuma. Chuma kikiwa sumaku, elektroni hukizingira kiini kigeni kwa uga wa sumaku mkali ajabu, unaotosha kukipanga kwenye baridi kali. Kwa kobalti uga huo hukaribia tesla 29. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5.

Mwaka 1966 Matthias na Holliday wakarusha mawimbi ya redio kwenye chuma chenye kobalti kilichopozwa vilevile. Walipofika karibu megahezi 166, viini vilipinduka na tofauti ya mionzi ikafifia. Masafa hayo ndiyo kipimo: ukiujua uga, unapata nguvu ya sumaku ya kiini. Na kwa kuwa kinachohesabiwa ni mionzi yenyewe, viini vichache mno vinatosha.

Ndiyo maana maabara ya CERN, huko Uswisi, ilijenga mtambo wa NICOLE, uliopandikiza isotopu moja kwa moja ndani ya chuma baridi. Humo ilipimwa shaba-69, ambayo nusu yake huisha kwa takriban dakika tatu.

Walimu wa fizikia wa Mpwapwa, mada ya sumaku na ya mionzi mnazifundisha mbalimbali. Wasimulieni wanafunzi habari hii, waone zinapokutana.