Wageni Waliokalia Kiti cha Milansi

Ugomvi wa malisho na mashamba unapozuka katika Bonde la Ziwa Rukwa, Tanzania, mfugaji Msukuma huambiwa yeye ni mgeni. Wafugaji wa Kisukuma walianza kuingia kwa wingi miaka ya 1970, na watoto wao wamezaliwa huko. Jina la ugeni bado linawafuata, ilhali hata ukoo uliotawala Ufipa, nchi inayopakana na bonde hilo, kwa vizazi vingi ulikuwa wa wahamiaji.

Masimulizi ya ukoo huo yameandikwa kwa kina na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960. Ntatakwa, mtawala wa kwanza, aliishi Milansi, karibu na mlima Itwelele. Alipokwenda kuwinda alimwonya mkewe asimpe mgeni kiti chake. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwa (si Watwa wa misitu ya Kongo), mke akakitoa kiti. Mkubwa wao akakikalia, kisha akapanda Itwelele na kuitaja mipaka ya nchi kuwa yake. Ntatakwa aliporudi hakushika mkuki. Walipatana: Watwa watawale, naye abaki na eneo dogo la Milansi pamoja na heshima ya aliyetangulia. Kizazi baada ya kizazi Watwa wakawa Wafipa kwa lugha na kwa ndoa, wala hawakuficha kwamba walitoka mbali. Baadaye walifarakana, zikawapo himaya mbili, Nkansi na Lyangalile. Wapiganaji wa Kingoni chini ya kiongozi wao Zwangendaba wakapita miaka ya 1840, wakaja wakoloni, na mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu.

Wapo watakaosema hii ni hadithi ya watawala ya kuhalalisha unyang'anyi. Lakini mnyang'anyi anayejitungia sifa asingesimulia kwamba alikuta mwenye nchi, tena akaendelea kumheshimu. Hoja nzito zaidi ni kwamba Watwa walikuwa wachache, na leo makundi ya ng'ombe yanaingia kwenye mahindi ya watu. Ni kweli, na mkulima aliyeliwa shamba anastahili fidia. Hata hivyo, kosa hilo ni la mwenye mifugo, halimgusi kijana aliyezaliwa bondeni na anayezungumza Kisukuma nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Hapo mipaka ya malisho itajwe hadharani, mkulima na mfugaji wakiwa wote wameketi, na kijana huyo ahesabiwe mwanakijiji.