Nani Aiuze Kahawa ya Kilimanjaro?
Kihamba cha Mchagga, yaani shamba linalozunguka nyumba, kina mifuko miwili. Ndizi ni za mama, anazipeleka sokoni mwenyewe. Kahawa, inayoota chini ya migomba hiyo hiyo, ni ya baba. Miche iliingia kwa wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkuu wa wilaya, Charles Dundas, akawahimiza wenyeji kuipanda.

Walowezi walikuja juu. Walidai mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa, ila hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Kenya walowezi walishinda: Mwafrika alizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930. Moshi wakulima waliwahi. Mwaka 1925 waliunda Kilimanjaro Native Planters Association chini ya Joseph Merinyo, wakapiga dawa mibuni yao, wakauza kwa pamoja, na wakajisemea mbele ya serikali. Kujisemea huko ndiko kulikokiponza chama. Kilifutwa, na mwaka 1933 ukaandikishwa ushirika mpya, KNCU, meneja wake Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Kazi yenyewe haikubadilika. Kahawa nyekundu inachumwa, inamenywa siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, inavundikwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja. Kisha inapelekwa chama cha msingi, yaani chama cha wakulima kilicho chini ya ushirika. Karani anapima, anaandika kilo, mkulima anapewa malipo ya awali. Malipo ya pili huja baada ya kahawa kuuzwa, na ndiyo yaliyosomesha watoto wengi wa mlimani.

Ndiyo maana naielewa ghasia ya 1937. Bei ilikuwa chini, na sheria ikawalazimisha wakulima kuuza kupitia KNCU peke yake, wakashambulia maghala. Kuuza kwa pamoja walikuanzisha wao. Walichokataa ni kuamriwa wauze wapi.

Uhuru ulikuja, lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, pigo ambalo sioni utetezi wake. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Bei zilipoanguka, wengine waling'oa mibuni wakapanda mboga. Miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi vilijitoa KNCU, vikaunda mtandao wa G32 na kuanza kupeleka kahawa yao mnadani Moshi vyenyewe.