Roy Welensky na Shirikisho Lililoegemea Mtutu wa Bunduki

Tarehe 3 Machi 1959, huko Nkhata Bay kando ya Ziwa Nyasa, wananchi walikusanyika kudai wenzao waliokamatwa alfajiri ile. Askari wakafyatua risasi, na watu 20 wakapoteza maisha. Siku hiyo hiyo Dakta Hastings Banda alitiwa mbaroni na kupelekwa gerezani Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Aliyeiongoza Serikali ya Shirikisho iliyokuwa imepeleka majeshi Nyasaland alikuwa Roy Welensky.

Welensky hakuzaliwa katika jumba la bwanyenye. Alizaliwa Salisbury mwaka 1907, mtoto wa 13 wa mlowezi fukara. Aliacha shule na umri wa miaka 14, akawa bondia mashuhuri, kisha dereva wa gari moshi. Huko Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe, aliongoza chama cha wafanyakazi wa reli. Mtu aliyeonja ufukara angetazamiwa kumtetea kila mnyonge. Lakini chama hicho kilikuwa cha Wazungu peke yao, na utetezi wake uliishia kwenye rangi ya ngozi.

Mwaka 1938 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1953 Uingereza iliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland, ingawa Waafrika walipinga. Katika Bunge la wajumbe 35, Waafrika walikuwa 6 tu. Sehemu kubwa ya kodi ya shaba ya Kaskazini iliingia katika hazina ya Salisbury. Welensky alishika uwaziri mkuu mwaka 1956, akiurithi kwa Godfrey Huggins.

Wananchi wa Nyasaland walipozidi kudai haki yao, Gavana Armitage alitangaza hali ya hatari. Watu zaidi ya 1,000 waliwekwa kizuizini, na 51 wakauawa. Ilidaiwa kwamba viongozi wa Kiafrika walipanga kuwaua Wazungu. Tume ya Jaji Devlin, iliyoundwa na London yenyewe, haikuona ushahidi wa mpango huo. Ikasema kwamba Nyasaland, japo kwa muda, ilikuwa imegeuka utawala wa kipolisi.

Hapo ndipo penye fundisho kwa kila avaaye sare. Askari walitimiza amri zote: barabara zilifunguliwa, viwanja vya ndege vikalindwa, viongozi wakakamatwa. Hata hivyo, Aprili 1960 Banda aliachiwa huru, na tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho lilivunjwa. Malawi na Zambia zikajitawala mwaka 1964. Amri huweza kumtawanya raia. Haiwezi kumpa ridhaa ya kutawaliwa.

Lakini dola ilipokufa, silaha zake hazikufa. Sehemu kubwa ya jeshi la anga la Shirikisho ilikabidhiwa Rhodesia ya Kusini. Welensky mwenyewe alipinga kujitangazia uhuru kwa walowezi, na walowezi hao hao wakamwangusha katika uchaguzi mdogo wa Arundel mwaka 1964. Mwaka uliofuata Ian Smith alitekeleza azma yake. Novemba 1977, ndege za aina zile zile zilizorithiwa ziliipiga kambi ya Wazimbabwe huko Chimoio, Msumbiji.

Welensky alifariki Uingereza mwaka 1991, akiwa ameishi kuiona Zimbabwe huru. Silaha alizozikusanya kulinda Shirikisho hazikulilinda. Ziliwaua watu wa nchi jirani miaka mingi baada ya Shirikisho lenyewe kuzikwa.