Ungali Maji: Maneno ya Ulaini na Unyumbufu katika Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza kundi dogo la maneno: yale yanayotaja kitu kilicho chororo, kinachopindika, au kinachokubali kupewa umbo. Kiingereza kina vivumishi vingi vya maana hiyo. 'Flexible' chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini cha kupinda. 'Pliable' limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kukunja. 'Malleable' limebeba ndani yake nyundo ya mhunzi wa Kirumi. Mfasiri mwenye haraka huyatia yote katika kapu moja la 'laini'. Je, Kiswahili ni maskini, au kina njia yake ambayo hatujaitazama vya kutosha?

2.0 Urithi wa vivumishi

Kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, vivumishi vya asili vya Kiswahili ni vichache. Kwa maana tuliyoitaja tunacho -ororo, ambacho hupatana na ngeli: ngozi nyororo, kitambaa chororo. Pembeni yake limekaa 'laini', neno lenye asili ya Kiarabu, lisilobadilika kwa ngeli yoyote. Maneno haya mawili hueleza zaidi kile kidole kinachokihisi. Hayasemi kitu kitafanya nini kikikunjwa au kikigongwa.

Penye upungufu huo, lugha hugeukia vitenzi. Kwa kiambishi -fu au -vu, nyumbua huzaa -nyumbufu, legea huzaa -legevu, tepeta huzaa -tepetevu. Hata hivyo, maneno haya hayabadilishani nafasi. Mtu mlegevu au mtepetevu amekwisha kulaumiwa. Afasiriye sifa ya mfanyakazi anayekubali mabadiliko kwa neno -legevu amegeuza sifa kuwa tusi.

3.0 Kamusi na mwelekeo wake

Kamusi za Krapf (1882) na Madan (1903) zilifafanua Kiswahili kwa Kiingereza. Baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji, kamusi za Johnson zilitoka mwaka 1939, mojawapo ikianzia Kiingereza. Kamusi ya namna hiyo humlazimu mtungaji kutafuta kisawe cha kila kivumishi cha kigeni, hata pale ambapo Kiswahili kingetumia kitenzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) ilianzia upande wa pili, yaani neno la Kiswahili likielezwa kwa Kiswahili.

4.0 Ulaini kama kipindi

Ushahidi mzito zaidi umo katika methali. Wahenga walisema: 'Samaki mkunje angali mbichi', na tena: 'Udongo uwahi ungali maji'. Methali zote mbili zinahusu jambo lile lile la kupokea umbo, lakini hakuna hata moja iliyotumia kivumishi cha kupindika. Ya kwanza imetumia ubichi. Ya pili imetumia nomino 'maji'. Zote zimeegemea -ngali, kiambishi cha wakati. Katika mtazamo huu, ulaini si tabia ya kudumu ya kitu. Ni kipindi kinachopita. Mfinyanzi anajua kwamba udongo ule ule, ukikauka, huvunjika badala ya kufinyangika.

5.0 Mfano wa Songea

Historia ya Songea inatupa mifano miwili. Wa kwanza ni wa lugha yenyewe. Wangoni, ambao chimbuko lao ni kusini mwa Afrika, walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, falme za Njelu na Mshope zilisimama katika nchi ya Songea. Watawala hawa waliwameza wenyeji kisiasa, lakini kwa lugha wakamezwa: Kingoni cha leo huwekwa na wanaisimu karibu na Kimatengo, si karibu na Kizulu.

Wa pili ni neno 'majimaji'. Kwa kurudufisha nomino, Kiswahili hupata neno la kueleza kitu chenye unyevunyevu. Jina la Vita vya Majimaji (1905–1907) halikutokana na maana hiyo, bali na dawa iliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Lakini imani hiyo ilibeba fikra ile ile ya methali: kwamba kilicho kigumu kinaweza kurudi katika hali ya maji. Risasi hazikugeuka, na mwaka 1906 viongozi wa Wangoni, miongoni mwao Songea Mbano, walinyongwa hapa hapa.

6.0 Hitimisho

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Mwanafunzi wa Tanzania aliyefunzwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na vivumishi hivi vya Kiingereza katika sayansi ya sekondari. Akiambiwa kwamba shaba ni 'laini', atafikiri pamba. Akiambiwa kwamba shaba hufulika, ubua la mwanzi hupindika na udongo mbichi hufinyangika, atakuwa amepewa sifa tatu mbalimbali kwa kiambishi kimoja, -ik-, anachokijua tangu utotoni. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba watunzi wa istilahi waanze na kauli ya kutendeka kabla ya kutafuta kivumishi, na kwamba 'laini' libakie na kazi yake ya haki, kazi ya kidole.