Mkia wa Pikapu

Pikapu ndogo isiyo na mzigo hutembea imeinua nyuma na kuinamisha pua, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Hiyo si kasoro. Gari la tani moja limeundwa kwa ajili ya tani moja. Springi zake za nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kukazwa kwa yuboti kwenye akseli, zimekunjwa kama upinde zikingoja mzigo. Mzigo ukipanda, gari hukaa sawa. Lakini pikapu nyingi zilizozeekea Temeke na Kinondoni ziliinua nyuma kupita kipimo cha kiwandani, na sababu ya jambo hilo usiitafute katika vitabu vya ufundi. Itafute katika historia ya mji.

Usafiri wa abiria Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa kampuni ya DMT, ambayo Serikali iliitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likapewa mji mzima. Mji nao haukusubiri. Manzese, Mwananyamala, Tandika na Mbagala zilikuwa zikipanuka kila mwaka, wakati mabasi yalikuwa yakipungua. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, vilimaliza akiba ya fedha za kigeni, na basi lililokosa kipuri kimoja lililala gereji miezi. Watu walitembea kwa miguu kutoka Mbagala hadi mjini. Hatimaye mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ikawa shilingi tano, ambayo mitaani iliitwa dala, na jina la daladala likapatikana hapo. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walikozipata. Pikapu zikaanza kuonekana.

Sasa msomaji, nikukumbushe chai maharage. Ilikuwa pikapu iliyowekewa mabenchi mawili ya mbao kwa urefu, juu turubai au bati, abiria wakitazamana goti kwa goti kama walio katika mkahawa wa chai na maharage. Tufanye hesabu ndogo. Abiria kumi na sita wa kilo sitini ni kilo 960, nao ndio tani yako imekwisha. Lakini nani aliwahi kuona konda akisimamisha upakiaji kwa abiria wa kumi na sita? Kwa hiyo fundi aliongeza mabamba mawili au matatu kila upande, mara nyingi yaliyotolewa kwenye gari lililokufa. Gari likawa na nyuma ya juu kama mende.

Mjomba wangu alikuwa na mojawapo, ikienda njia ya Tandika. Karo zetu zililipwa kwa sarafu za pikapu hiyo, nami sitaisema vibaya. Hata hivyo ipo siri iliyojificha chini ya magari ya aina ile, ambayo abiria hatukuijua. Pikapu nyingi za Kijapani zina vali ya breki iliyounganishwa na akseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikiwa juu, vali huona gari ni tupu, hivyo huzipunguzia nguvu breki za nyuma ili tairi zisiserereke. Ukiongeza mabamba, gari lililojaa watu hubaki limeinuka, na vali huendelea kubana breki wakati ule ule zinapohitajika zaidi. Tulikuwa tukiteremka vilima namna hiyo, tunacheka.

Miaka ya tisini yakaja mabasi madogo yaliyotumika Japani, Hiace tulizoziita vipanya, na wenye chai maharage wakaanza kusukumwa pembeni. Mjomba aliegesha gari lake. Mshahara wa ofisini ulikuwa umekwisha thamani, na kama familia nyingi za pembezoni mwa mji wakati huo, mkewe alianza kufuga kuku. Ndipo ugomvi ulipoanza. Pikapu ile tupu kwenye barabara ya vumbi iliruka kama mbuzi, na kati ya trei kumi za mayai zilizopelekwa sokoni, mbili zilifika uji. Mama akataka gari lishushwe. Mjomba hakutaka. Kuondoa mabamba kwake kulikuwa sawa na kukiri kwamba biashara ya abiria haitarudi.

Mama alishinda, maana mayai yalikuwa yake. Mjomba alipofika gereji alitaka amalize jambo moja kwa moja.

"Fundi wangu, shusha mpaka ilale kabisa."

"Mzee, natoa yaliyoongezwa tu. Ya kiwandani siyagusi."

Akaeleza. Nyuma ikilala kupita kiasi, vali ile ile itadhani kuna mzigo, itapeleka nguvu yote nyuma, na gari tupu kwenye lami yenye mvua litageuka. Mjomba aliuliza kuhusu kuweka kipande cha chuma kati ya springi na akseli. Fundi alisema inategemea: akseli ikikaa juu ya springi gari litashuka, ikikaa chini ya springi kipande hicho hicho kitalipandisha. Kuhusu kupasha bamba moto kwa mkaa ili linyooke, alikataa hata kusikiliza, kwani chuma cha springi kikipata moto ovyo hupoteza ugumu wake, na baada ya hapo ama kinalegea ama kinakatika. Nilimheshimu fundi yule kuliko wahandisi kadhaa niliokutana nao baadaye.

Mabamba manne yalitoka. Mjomba aliyafunga kwa gunia akayaweka uvunguni, na mama hakumwuliza kwa nini. Yalikaa huko miaka, hadi mhunzi wa jirani alipoyanunua atengeneze mapanga.

Hivi karibuni nilipita Tandika nikamkuta kijana amelala chini ya Kirikuu, kile kilori kidogo kinachobeba matofali na magodoro ya wanaohama. Alikuwa akikaza yuboti. Nilimwuliza anashusha au anapandisha.

"Napandisha, mzee," alisema. "Kesho inaanza kubeba mchanga."